Gauni la Treni na Utepe Wake

Jina la Marinda alipewa na wapiga pasi wenzake, na hawakumpa kwa mapenzi. Siku moja ya mapumziko alipita kazini kuchukua funguo alizosahau, akashuka ngazi hadi chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa ya jengo, kule ambako mvuke haukauki na mashine ya kunyoosha mashuka inanguruma kutwa nzima. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya maziwa lililofura kuanzia kiunoni, marinda juu ya marinda, soksi ndefu zenye lesi, na utepe mpana kichwani. Wenzake wakaacha kazi. Mmoja akauliza, "Jamani, huyu nani kamtoa kwenye kabati la vikombe?" Wakacheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kuna nini. Tangu hapo akawa Marinda, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu.

Hakuwa msichana. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini kasoro, mikono ina makovu ya pasi, hana mume, hana mtoto, anaishi chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yake. Watu wa namna hii ulimwengu huwapangia cha kupenda: wapende watoto wa ndugu zao, wapende kazi, wapende usingizi. Yeye akapenda magauni. Kipenda roho hula nyama mbichi, na mimi sioni kwa nini tumcheke yeye tukawaacha wanaume wazima wanaolia kwa sababu ya mpira.

Magauni yenyewe asili yake ni Japani. Vijana wa huko walianza zamani kuvaa kama wanasesere wa kizamani, sketi imefura, lesi imepanda shingoni, vifungo kama lulu, na kwenye pindo picha nzuri zilizochapwa: bustani, vitabu, keki, farasi wa bembea za kuzunguka. Kila toleo hushonwa machache, tena mwenye kutaka hucheza bahati nasibu ili apate nafasi tu ya kununua. Yakiisha yameisha, hayashonwi tena hata ulie. Aliyekosa hubaki akiwinda kwenye simu yake, anangoja mtu mahali fulani duniani anenepe, aolewe, achoke au afe, ndipo kabati lake lifunguliwe.

Marinda alikuwa na magauni ya kuvaa na magauni ya kutunza. Ya kuvaa yalining'inia nyuma ya mlango. Ya kutunza yalilala kabatini ndani ya karatasi laini, mbali na jua, na watoto wa dada yake walijua kwamba ni afadhali kuvunja sahani zote za nyumba kuliko kugusa kitasa cha kabati lile. Shemeji yake, mtu wa utani, kila akipita mlangoni husema, "Shemeji, kikulacho ki nguoni mwako." Marinda hucheka kidogo na kufunga mlango.

Lakini gauni lililomnyima raha halikuwa kabatini mwake. Lilikuwa mwilini mwa mtu mwingine.

Wapenzi wa magauni hayo hukutana mara moja kwa mwezi ghorofani kwenye mkahawa mmoja, wachache tu, wakanywa chai na kupigana picha. Humo ndimo Marinda alimokutana na Chiriku. Hilo nalo jina la utani, maana mwenyewe hakuwa na breki mdomoni. Kazi yake ilikuwa kupokea simu katika kampuni ya kusafirisha mizigo, na wateja walisema ukimpigia kuulizia sanduku lako utapata habari za sanduku, za dereva, na za goti la mama yake. Siku hiyo aliingia amechelewa, anahema, anaomba radhi kwa kila mtu, na amevaa Treni.

Wote waliokuwamo walilijua gauni lile kwa picha tu. Bluu nzito kama wino, na kuzunguka pindo lote treni ya rangi ya malai inapita, madirisha yamewaka, na katika kila dirisha abiria mmoja mdogo: huyu anasoma, huyu kasinzia, yule kapakata paka. Dirisha moja halina mtu. Lilitoka zamani, yakashonwa machache kuliko matoleo yote ya kampuni ile, na hapa mjini lilikuwapo hilo moja tu. Marinda alikuwa na birika mkononi, anamimina chai. Macho yakamganda kwenye madirisha yale, na kabla hajaliweka birika, chai ikaruka na kutua kwenye pindo la Treni, juu ya dirisha la mwenye paka.

Chiriku aliinua pindo, akalitazama, akasema, "Haya, paka kapata chai."

Akacheka peke yake mpaka wengine nao wakacheka. Marinda hakucheka. Aliomba apewe gauni pale pale akalitoe doa, kwa kuwa kutoa madoa ndiyo kazi yake na doa la chai halitaki kulala. Chiriku akakataa. "Doa la chai haliui mtu, shoga. Sasa gauni limekujua."

Hapo ndipo urafiki wao ulipoanzia, kama ulikuwa urafiki. Chiriku alikuwa mtu wa kuvaa. Alivaa Treni sokoni akinunua vitunguu, alivaa Treni kwenye foleni ya benki, alikaa nalo kwenye viti vyenye siagi na vumbi, na Marinda akimwona hivyo aliumia kwelikweli, kama mama anayeona mtoto wa mwenzake anacheza barabarani. Alimwomba amuuzie. Alimwomba tena. Alitaka kubadilishana naye kwa magauni yake mawili bora, kisha matatu. Mwisho Chiriku akamwambia, mbele ya wenzao wote, "Wewe ngoja tu. Nikifa utalichukua."

Ulikuwa mzaha, na kila mtu alicheka. Kisha Chiriku akaugua.

Lilikuwa ini. Mwili ulikauka huku tumbo linajaa, macho yakawa ya manjano, na ile sauti iliyokuwa ikijaza mkahawa ikapungua hadi ikawa ya kuinamiwa. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena, na safari hii madaktari hawakusema habari za kutoka. Wenzake wa magauni walikwenda kumwona wote pamoja mara ya kwanza, wamebeba maua. Mara ya pili walikwenda wawili. Baada ya hapo akawa anakwenda Marinda peke yake, kila Jumamosi, siku yake pekee ya mapumziko.

Siku moja dada yake alimkuta anafunga machungwa kwenye mfuko. Alikuwa mtu mkali, hapindi maneno. "Huko hospitali unafuata nini hasa?"

"Namwona mgonjwa, dada."

"Una marafiki wangapi waliolazwa ukaenda kuwaona kila wiki? Shangazi yetu alilala miezi, ulikwenda mara ngapi?" Akamtazama vizuri. "Kufa kufaana, mdogo wangu?"

Marinda alichukua mfuko wake akatoka. Njia nzima alilirudia lile neno. Alipenda kumwona Chiriku, hilo lilikuwa kweli. Na kila alipoingia wodini macho yake yalikwenda kwanza kwenye uso wa mgonjwa kuangalia umeshuka kiasi gani, na hilo nalo lilikuwa kweli. Alijichukia, na Jumamosi iliyofuata akaenda tena.

Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vya chuma pande mbili, harufu ya dawa ya sakafu imeshika hadi kwenye mikate ya wageni. Kengele ililia kuwaingiza watu na ililia kuwatoa. Kando ya kila kitanda kulikuwa na kiti kimoja tu. Kiti cha Chiriku alikikalia mama yake, bibi mdogo wa umbo, mwenye lile goti maarufu, lakini Jumamosi aliinuka na kukaa ukingoni mwa kitanda ili Marinda akae. Marinda alimkata mgonjwa kucha. Alichukua kanga na mashuka yake akayafulia kazini kwa siri, akayarudisha yamenyooka kama karatasi. Alimsimulia vituko vya hoteli, mgeni aliyeoga na viatu, bibi harusi aliyemwaga mvinyo mwekundu begani kwa mkwewe. Chiriku alisikiliza akiwa amefumba macho, anatabasamu. Aliyezoea kusema sasa alikuwa msikilizaji, na Marinda, aliyekuwa bubu maisha yake yote, akawa mwenye maneno.

Jumamosi moja Chiriku alifumbua macho katikati ya hadithi. "Shoga, hebu niambie. Unakuja kwangu, au unakuja kwa Treni?"

Mama yake alikuwa amekwenda kuchota maji ya kunywa. Marinda alifungua mdomo kujibu.

"Usijibu," Chiriku akasema. "Kaa tu. Malizia ya bibi harusi."

Wiki iliyofuata, Marinda alipofika, kulikuwa na mfuko wa plastiki miguuni pa kitanda. Chiriku akamwonyesha kwa kidole. "Lichukue nikiwa naona. Nikilisubirisha mpaka siku yenyewe, utalichukua huku umeinama kama mwizi. Sitaki."

Lilikuwa Treni, limekunjwa vibaya, limekunjwa kama taulo. Marinda alilipakata na machozi yakamtoka. Mama mtu alidhani analia kwa ajili ya mgonjwa, akampapasa mgongo, na kupapaswa kule kulimchoma kuliko tusi lolote.

"Utepe wake bado," Chiriku akasema kwa taabu. "Mama hajauona. Jumamosi ijayo utaukuta hapa."

Mpenzi yeyote wa magauni hayo anajua maana ya neno hilo. Kila gauni hutoka na utepe wake wa kichwani, wa kitambaa kile kile, na vikitengana gauni huitwa yatima. Utepe wa Treni ulikuwa na taa moja ndogo ya mbele ya treni, imedariziwa kwa uzi wa dhahabu. Marinda aliitikia kwa kichwa. Kengele ikalia, akaondoka na mfuko kifuani.

Wiki ile aliishi na furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Alilitundika Treni mahali pa heshima, akafunga mlango, akakaa kitandani kulitazama kila anaporudi kazini. Alifurahi, na aliona haya kwa kufurahi, na haya haikupunguza furaha hata kidogo. Lakini gauni lilinuka. Lilinuka kabati la mgonjwa, jasho la zamani na dawa ya wodi, na doa la chai lilikuwa pale pale, la kahawia, limemziba paka.

Ilipofika Ijumaa alikuwa ameshaamua kulifua.

Hapa lazima nieleze kidogo. Gauni la bluu nzito lenye picha nyeupe halifuliwi kama shuka. Likilowa tu, bluu inaanza kutafuta njia ya kuingia kwenye nyeupe. Unalitia katika maji baridi, unaliwekea vitambaa vyeupe vya kunasa rangi, unalitoa, unalilaza juu ya taulo, unatia taulo nyingine ndani ya sketi, feni inapiga, na kila taulo ikilowa unabadilisha. Huwezi kulitundika, huwezi kulianika juani, huwezi kulikunja, huwezi kuliacha na mtu. Maji yakishaingia, wewe na gauni mmefungwa pamoja mpaka likauke. Na siku ya mapumziko ilikuwa moja tu, Jumamosi.

Doa lile lilikuwa na miaka. Lingeweza kungoja. Marinda alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana ilimbidi atafute sababu nyingine. Akaipata. Jumamosi asubuhi alikuwa amesimama na beseni mkononi aliposikia tena swali la Chiriku, unakuja kwangu au unakuja kwa Treni, na wazo likamjia likiwa limevaa nguo za heshima. Nikienda leo, alijiambia, ataona nimefuata utepe. Mama yake ataona nimefuata utepe. Kufa kufaana. Basi nisiende. Niende Jumamosi nyingine, utepe umeshasahauliwa, waone kwamba nakuja kwa ajili ya mtu.

Wazo hilo lilimpendeza mno. Alikaa akaandika ujumbe: "Shoga, leo kazini wamenishika. Utepe si kitu, kaa nao. Mimi nakuja kwako, siji kwa utepe. Jumamosi ijayo bila kukosa." Aliusoma tena kabla ya kuutuma, akaona umekaa vizuri. Kisha akalitumbukiza gauni majini.

Alifanya kazi siku hiyo kwa ufundi wake wote. Doa la chai alilishika kwa subira, kwa siki kidogo na ncha ya kitambaa, akiligusa na kuacha, akiligusa na kuacha, hadi paka akatokea kwenye dirisha lake, sikio moja, kisha jingine. Alasiri, saa ambayo kengele ya wodi hulia, alikuwa amepiga magoti sakafuni akibadilisha taulo. Aliisikia kengele ile kichwani, akajiambia, wiki ijayo. Jioni gauni lilikuwa kavu, bluu imebaki bluu na malai imebaki malai. Aliwaita dada yake na shemeji waje waone. Shemeji akatikisa kichwa, "Aisee, hata ningekuwa paka ningekushukuru." Dada hakuliangalia gauni. Aliuliza, "Leo hukwenda?" Marinda akasema mgonjwa anaendelea vizuri.

Ujumbe wake haukujibiwa. Alidhani Chiriku amechoka.

Jumamosi iliyofuata aliingia wodini amevaa moja ya magauni yake ya kuvaa, na machungwa yake na hadithi mbili mpya za hoteli. Kitandani alikuwapo mwanamke mwingine, mnene, anachanwa nywele na binti yake. Marinda alisimama pale na mfuko wake kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Nesi akamvuta pembeni, akamwambia kwa upole kwamba ni tangu Jumapili, na kwamba mama mtu amekwisha kuzika.

Alimkuta bibi yule kwake, chumba na sebule, amekaa peke yake na goti lake amelinyoosha juu ya kigoda. Hakumlaumu. Afadhali angemlaumu.

"Karibu, mwanangu. Nilitaka kukupigia, simu yake ikazima na sijui kuifungua." Akamwonyesha pa kukaa. "Tumemzika na lile gauni lake la maua. Watu waliuliza, mbona si lile la treni alilokuwa halivui? Nikasema lile ameshampa mwenyewe, siwezi kwenda kumdai."

Marinda alisema, "Mama, ningelileta." Alisema kweli, au alitaka iwe kweli.

Bibi aliinuka kwa taabu, akaenda chumbani, akarudi na utepe ndani ya kitambaa cheupe. Ile taa ndogo ya dhahabu iling'aa. Katika mshono wake ulikuwa umenasa unywele mmoja.

"Haukupotea huu," akasema. "Ulikuwa chini ya mto wake siku zote. Jumamosi ile aliniambia nimfunge kichwani. Nikamwambia, mwanangu, kichwa chenyewe hukiinui. Akasema nifunge tu, shoga yake akiingia akimwona vile atacheka. Nikamfunga. Kiti akakataa nisikikalie mimi, wala mgeni wa kitanda cha pili aliyeomba kukiazima. Basi tukangoja. Ujumbe wako ulikuwa umeingia nikamsomea, lakini hakusikia vizuri, au hakutaka kusikia. Kengele ya kutoka ilipolia akaniambia nimsomee tena."

Marinda alikuwa ameushika utepe kwa mikono miwili. "Akasemaje, mama?"

"Alicheka. Unakijua kicheko chake. Akasema, 'Jamani, si angekuja hata kwa utepe.'"

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Bibi alimimina chai, akampa mgeni kikombe, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Marinda alikipokea, macho yakiwa bado kwenye utepe, na chai ikamwagika kama siku ile mkahawani, juu ya gauni lake mwenyewe, magotini. Bibi akanyoosha mkono kumpa kitambaa.

"Futa upesi, mwanangu, litabaki doa."

"Acha tu, mama," Marinda akasema.